Kadi Tupu Huja Kabla ya A

Kompyuta yangu hupanga majina kwa alfabeti,
na asiye na jina ndiye wa kwanza.
Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijamfikia Aavik
na piano yake ya Mtaa wa Kastani,
hupita mbele ya kadi mia tatu na kumi na moja
zisizo na mtu.

Nimezizaa mwenyewe.
Kitufe cha "Mpya" kimekaa ubavuni mwa "Hifadhi"
kama mashemeji wasiopatana kwenye benchi moja,
na vidole vyangu, vilivyozoea funguo nene za piano,
havijui adabu ya vitufe vyembamba.
Nyingine ni kazi ya paka.

Debe tupu haliachi kuvuma, husema watu.
Hizi hazivumi. Zinakaa tu,
nyeupe kama mto Emajõgi mwezi wa Februari,
na ukitaka kuifuta mojawapo
sharti ubofye, uulizwe "Una hakika?", useme ndiyo,
kisha orodha iruke hadi kwa Zupping, mwisho kabisa,
uanze tena kupanda.
Una hakika? Ndiyo. Una hakika? Ndiyo.
Hata mchungaji siku ya harusi
aliniuliza mara moja.

Jioni moja nilizifuta kumi na nne, shingo ikakakamaa.
Asubuhi kulikuwa na mbili mpya.

Nikamwandikia Maarika Lepp, aliyeiunda programu hii
peke yake, kule Pärnu, juu ya duka la vifungo:
Bibi, nipe kitufe kimoja.
Nizikusanye tupu zote kwa mkupuo, nizitupe,
nikashike kazi yangu.

Akajibu baada ya juma:
Bwana Heldur, nakubali. Ila niambie, tupu ni ipi?
Kadi isiyo na jina lakini ina simu, ni tupu?
Yenye tarehe tu?
Na yenye nafasi moja, pale mtu alipogusa kibodi
mara moja akaondoka?
Jicho halioni kitu. Mashine inaona.

Swali dogo. Nililibeba siku nne,
kwenye basi la Elva, kwenye ukumbi wa shule,
kichwa changu ndani ya piano,
nyundo themanini na nane zikinitazama.
Mimi huzibana nyuzi mbili kwa kabari ya sufu
ili niisikie ya tatu.
Najua kimya kilichowekwa
na kimya kilichotokea.

Nikamwandikia: kilicho tupu kabisa, futa.
Penye nafasi moja, acha.
Sikumweleza sababu.

Toleo jipya lilikuja Machi,
theluji ikiporomoka mapaani vipande vipande.
Kitufe kimeandikwa "Futa Tupu".
Nikabofya. Zimepatikana mia tatu na ishirini na sita.
Una hakika?
Mara moja tu. Ndiyo.
Zikaenda bila kishindo,
ikabaki moja, juu ya Aavik.

Naijua. Tarehe tatu Novemba, saa tano na dakika kumi usiku.
Mchana ule, nyumbani kwa Bibi Tiidus,
niligonga noti ya mwisho kulia
nikasikia ubao. Ubao tu, hakuna mlio.
Yeye akasema, ah, inalia kama kengele.
Nikapokea pesa.
Usiku nikafungua kadi ya daktari wa masikio,
nikagusa kibodi mara moja,
nikazima taa.
Na miezi yote hii nimemsingizia paka.

Leo nimeijaza: Daktari Orav, ghorofa ya pili,
namba ya simu, sikio la kushoto.
Nilipohifadhi, kadi ikashuka yenyewe
kutafuta herufi yake, ikatulia
kati ya Oja, ambaye bado namdai,
na Paju, ambaye nondo wamemlia nyundo zote.

Juu kabisa sasa yuko Aavik.
Nitakwenda kwake Alhamisi.
Noti za juu, nitamwomba binti yake
anisikilizie.