Chumba Namba Tisa

Hapa Grimsby kila kifungo kina kitenzi chake.
Farasi anayefungwa miguu ya mbele asitoroke malishoni
ana neno lake; mbuzi kigingini, lake;
na kuku wa Jumapili, mapaja yamebanwa kwa uzi
kabla hajaingia kwenye oveni, naye ana lake,
kana kwamba mpishi angeona haya kuazima neno la mbuzi.

Mimi nilikuja na funga moja tu.
Nilifungia nayo mlango, nilifungia mzigo,
nilifunga nayo Ramadhani, ndoa,
na bao la dakika ya themanini na tisa.

Edith Gossop alisuka nyavu bandarini
tangu ana miaka kumi na minne. Sasa ana themanini na nane
na mimi ni wa zamu yake ya usiku.
Hunishika mkanda wa sare, huuzungusha kidoleni:
hili, ukilivuta linakaza;
hili, ukilivuta linakuachia.
Usichanganye, binti. Watu wamezama kwa kuchanganya.
Na kila fundo hulitaja jina kwanza
kama anaita mtoto aje kula.

Alhamisi hupiga simu Clive, mwanawe.
Mama, nimefungwa wiki hii.
Ndivyo wanavyosema hapa mtu akiwa na kazi nyingi, hawamaanishi kitu.
Edith hushusha simu taratibu, hunigeukia:
Na nani?
Kwa kamba gani?
Zamani nilicheka.

Daktari naye alisema mikono yake imefungwa,
akaiinua tuione,
mitupu, misafi, saa ya dhahabu mkono wa kushoto.

Kisha ikaja fomu, maana ameanguka mara tatu tangu Krismasi.
Kwenye fomu hakuna kamba wala fundo.
Kuna neno refu, la Kilatini, limenyolewa ndevu, limevaa tai,
na kisanduku pembeni cha kutia alama.

Saa tatu usiku nikapiga magoti mbele ya kiti chake.
Mkanda ulikuwa mpya, bado unanuka plastiki.
Bizimu ikalia ta!
Akaitazama.
Hili linaitwaje?

Neno la fomu nilikuwa nalo mdomoni. Halikutoka.
Nikasema kwa lugha yangu: nimekufunga, bibi.
Fu-nga, akajaribu, kama anaonja chumvi ya mchuzi wa mwingine.
Na kuachia?
Fungua.
Akanyamaza. Akahesabu kwa kidole juu ya goti.
Sauti moja tu mmeongeza?
Moja tu.
Basi hilo ni fundo zuri, akasema, limefungwa na mtu mwenye akili.

Halafu, bila kuulizwa, akamtaja Wilf.
Mwezi wa Januari, barafu kwenye milingoti,
meli yake ilikuwa imefungwa Iceland.
Nikadhani imekwama huko, imetiwa nanga, imekamatwa.
La, akasema, ndiyo kwanza ilikuwa inatoka.
Kumbe neno lao la kamba
ndilo pia wanalompa mtu anayeelekea mbali,
na mvua ambayo lazima inyeshe,
na mwana ambaye Jumapili hana budi kuja.

Sisi pia, nikamwambia. Tunafunga safari.
Hakushangaa. Aliuliza tu
kama kwetu wanaofunga safari hurudi.

Nilizima taa. Nje, upepo ulikuwa unagongagonga
kibao cha duka la samaki.

Asubuhi kiti kilikuwa kitupu na Edith yuko kitandani,
amelala ubavu, viatu bado miguuni.
Mkanda ulikuwa umefungwa kwenye kitasa cha dirisha
kwa fundo la pili, lile la kuachia,
ncha yake imening'inizwa upande wa mlango,
kimo cha mkono wangu.