Nani Aliwasha Mbabula?

Nilikuwa nimeandika ubaoni neno refu, MSHIKAMANO.
Watoto wakalitazama kama ngazi za Kadutu siku ya mvua.
Nikaweka chaki chini.
"Leo asubuhi, kwenu, nani aliwasha mbabula?"

Cikuru: "Tulipalia makaa kwa akina Nabintu,
kwenye kifuniko cha sufuria."
Nabintu: "Sisi kwa Baba Birindwa. Nilikimbia, yasizime."
Mjukuu wa Birindwa akacheka:
"Babu hana kiberiti tangu Jumapili!
Yale ni ya kwa Cikuru, ya jana jioni."

Kumbe moto mmoja ulikuwa unazunguka kilima,
unalala nyumba hii, unaamkia ile,
na hakuna aliyejua ni wa nani.

Asifiwe, mgeni wetu kutoka Minova,
alikuwa anahesabu vidole vyake.
"Kwetu haukuwaka."

Sikusema kitu. Somo lilikuwa limenitoka mikononi;
nilisikia tu viti vikiburutwa kuelekea kwake.

Kesho yake alichelewa, majivu kwenye sweta,
akaja kunishtakia, nusu kilio, nusu kicheko:
vifuniko vitatu vilibisha mlangoni kabla ya jogoo,
uji ulikuwa wa moto mno,
ameungua ulimi.