Vidole Vitatu

Nyuma ya kota za reli, hapa Nakuru,
kati ya ua wa michongoma na njia ya garimoshi,
kuna vipande kumi na kimoja vya ardhi visivyo na hati.
Mpaka ni kamba ya katani.
Ugomvi ni kopo la maji.
Cha baba ni cha saba, penye udongo mwepesi
wa mlima uliolipuka kabla haujapewa jina,
udongo unaokunywa ndoo nzima
kisha unakutazama kana kwamba hujaleta kitu.

Vitunguu maji alivipanda upande wa jua,
saumu upande wa ua.
Sheria yake ilikuwa moja: vidole vinne
kati ya punje na punje, ncha juu, makalio chini.
"Ukiipindua itakusamehe, lakini itachelewa."
Vidole vinne, alisema,
mtu aliyekuwa na vitatu.

Karakanani, mwaka wa themanini na mbili,
mabehewa mawili yalikutana
na mkono wake wa kushoto ulikuwa katikati.
Pete ilionekana. Kidole, hapana.
Mama akaitia pete kwenye mkebe wa chumvi
na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Basi saumu zake zilibanana.
Kila Septemba tuling'oa vichwa vidogo kama vifungo vya koti,
vikali, vya kukuliza kabla ya kisu,
na Bi. Wairuri wa kipande cha nane,
ambaye vyake hujaa kiganja,
alichungulia juu ya kamba:
"Zablon, unapanda saumu au unapakia abiria?"
Naye, akiwaponda wadudu kwenye majani ya vitunguu:
"Kidole kimoja hakivunji chawa, mama.
Mimi ninavyo vitatu. Nina ziada."

Alilazwa Mei, miche ikiwa kitaluni, myembamba kama kope.
Nesi alininong'oneza kwamba wamemsugua mara mbili
na mikono bado inanuka jikoni.
Nikamwambia asihangaike.
Miaka thelathini haitoki kwa sabuni.

Tulimrudisha Shinyalu, kwenye udongo mwekundu ulioshikana,
udongo ambao asingeupandia saumu hata kwa deni.
Nikarejea mjini na ufunguo wa kibanda.
Tuta la mwisho alikuwa amelipanda mwenyewe;
majani yameshatoka, kijani cha kuonea wivu.
Nikapiga magoti, nikapima kwa mkono wangu:
vitatu, vitatu, vitatu,
vitatu na nusu (hapo nadhani garimoshi lilipita),
vitatu.
Nikaenda hivyo hadi mwisho wa mstari
kama msomaji wa barua isiyo na habari yoyote
ila mwandiko.

Mvua ikakatika. Nikabeba maji.
Shingo za vitunguu zikaanza kulala, moja moja,
kama waumini kwenye mahubiri marefu,
nikajua wakati umefika.
Vitunguu maji niliviuza sokoni kwa bei ya kuonewa.
Saumu, vile vifungo vyake vya koti,
nilizifunga mafungu, nikazitundika juu ya jiko
na kila aliyeingia alisema: baba yako yupo?

Leo napanda tena.
Mstari wa kwanza nimetumia vidole vinne.
Wa pili, vinne.
Bi. Wairuri ametikisa kichwa kwa kuridhika,
amefika hata kuvua kofia.
Wa tatu, kidole changu cha pete
kimejikunja chenyewe ndani ya kiganja
nami sijakinyoosha.

"Ukoo wenu," amesema, "haujui kuhesabu."
Kisha kimya. Kisha juu ya kamba kikaruka
kichwa kimoja cha saumu yake, kizito kama ngumi ya mtoto,
kikaangukia kwenye majivu.
"Changanya na hicho. Mbegu yenu imechoka."

Nimekivunja. Punje tisa, nene, zenye ngozi ya zambarau,
zilizozoea nafasi.
Nimezichomeka katikati ya zetu.
Zitabanana.