Saba Bila Kofia

Dirisha la tatu, Moshi, asubuhi ya manyunyu.
Binti, tazama hapa, chini ya muhuri:
Ndetaulwa wameandika Ndetauka.
Hilo nalisamehe,
hata mke wangu hulikosea akikasirika.

Shida ni namba.
Ya mwisho ni saba. Karani aliivua kofia,
ikawa moja;
na moja ni ya Elinami wa Machame,
aliyebaki ng'ambo ya Kagera
na buti zangu miguuni.

Kwa hiyo marehemu kastaafu kwa heshima,
mimi ndiye sijarudi kutoka vitani.

Nirekebishie, mwanangu. Kiapo cha mahakama hiki hapa,
picha mbili, nakala ya kitambulisho.
Ila ukiifuta ile moja
futa polepole.
Sijui pengine ilipoandikwa.