Nyumba ya Mama

Mara ya kwanza niliandika: nyumba ya mama.
Ikaja ghorofa, majani yamenyolewa, gari jeupe mlangoni.
Nikacheka peke yangu, chumbani Nkuhungu, bando likiyeyuka.

Nikaongeza: ya udongo, ya kijijini.
Ikaja msonge wa nyasi, kilele kama kofia,
na nyuma yake twiga.
Twiga, Mvumi!

Ndahani akanitumia sauti: "Dada, usiiambie nzuri.
Nzuri haina rangi. Iambie unachokiona,
kama unamwelekeza fundi ambaye hajawahi kufika kwetu."

Haya. Tembe. Neno hilo mashine hailijui.
Paa bapa, udongo juu ya fito,
uwele umeanikwa juu yake, mwezi wa sita,
upepo unatoka kulia, vumbi jekundu limepanda hadi nusu ya ukuta.
Mlango mfupi: mtu mzima huinama.
Saa kumi na moja jioni, kivuli kirefu cha mbuzi mmoja.

Ikakaribia. Jamani, ikakaribia.
Ila ukuta ulikuwa mpya mno.

Vidole vikasimama.
Ukuta wa mama ulikuwaje?
Ule wa kushoto, alipoegemea akichambua mlenda
miaka yote ile,
ulikuwa na alama ya mgongo wake,
imelainika, inang'aa kidogo, kama jiwe la kusagia.

Sikuwa nimeikumbuka tangu tumzike.

Niliandika hivyo hivyo, neno kwa neno.
Mashine ikachora mwanamke ameegemea.
Nikafuta. Nikaandika: hayupo.
Alama tu.