Bawaba

Barua ya mradi ilifika Jumatatu, imegongwa muhuri:
dhamira ya mwezi huu ni haki ya mjane katika mirathi,
itajwe mara tatu, isipungue,
mwanzo, kati, na kabla ya muziki wa kufungia.

Gwakisa akaisoma, akaikunja, akatua kikombe cha chai juu yake.
"Mara tatu," akasema, "kama dawa ya minyoo."
Kisha akaandika mjane asiyetamka neno
kwa dakika nzima. Na redioni dakika nzima
ni shimo; msikilizaji huinua redio, akaipigapiga mgongoni,
akidhani betri zimekufa.

Kazi ya kulifukia shimo ikawa yangu.

Mimi ndiye mvua katika mchezo wetu:
ungo wa mama, maharage ya mama, mikono yangu.
Ndiye moto: mfuko wa nailoni, vidole viwili.
Ndiye ng'ombe wa mahari, ndiye kikohozi cha jirani,
ndiye ninayekanyaga majani makavu ya mgomba ndani ya karai
ili ninyi mlioko Masoko, mlioko Kyimo,
mnong'onezane: anakuja huyo, tena usiku.

Studio yetu ilikuwa stoo ya kahawa.
Tumebandika trei za mayai ukutani, blanketi mlangoni,
na bado Tukuyu ni Tukuyu:
tukirekodi kiangazi, mabati yanatucheka.
Siku moja tulingoja saa tatu mvua ikatike
ili Anyelwisye apate kulia kwamba mvua haijanyesha.

"Nipe mlango," alisema Gwakisa.
"Mashemeji wamemtoa. Unafungwa nyuma yake. Basi."

Nikajaribu mlango wa choo cha ofisi: mwepesi, unachekesha.
Kabati la mafaili: bata.
Mlango wa kanisa la Moravian ulikuwa mzito, mzuri,
ila ule umezoea kupokea watu,
na mtu akisikiliza sana atajua.

Jumamosi nikashuka Lutengano, kinasa sauti mfukoni,
hadi nyumba iliyokuwa yetu.
Baba mdogo alikuwa mnadani. Kulikuwa na mtoto tu,
anamenya ndizi, mikono myeusi kwa utomvu.
Bawaba ya juu baba aliikata kwenye pipa la lami;
huanza chini kooni, ikapanda,
ikakatika kabla mlango haujafika,
kama mtu aliyekumbuka kwamba kuna wageni.
Nikafungua, nikafunga. Mara saba.
"Unatengeneza?" aliuliza mtoto.
"Hapana. Nasikiliza."
Akarudi kwenye ndizi zake.

Alhamisi, saa mbili usiku, chumba cha kupanga cha Makandana.
Redio juu ya kopo la sukari. Mama na ungo wake.
Sikumwambia kitu.
Subilaga, kwa ile sauti yake ya kusoma matangazo ya vifo,
akataja haki ya mjane, mara ya kwanza.
Mama akaendelea kuchambua.
Mara ya pili: akatupa jiwe dogo, likagonga sufuria.
Kisha kimya. Hatua kwenye majani ya mgomba.
Kisha ule mlango.

Mikono ikasimama juu ya ungo.
Nilitazama ukuta. Niliihesabu misumari ya ukuta.

"Hawajaitia mafuta," alisema.

Mara ya tatu ilitajwa, najua, niliihariri mwenyewe,
lakini chumbani mle hakuna aliyeisikia.
Muziki ukafunga. Likaja tangazo la mbolea.

"Uliufunga mara ngapi?"
"Saba."
"Mimi niliusikia mara moja," alisema mama. "Nikiwa nje."

Akaizima redio, akanisogezea ungo,
akavuta taa karibu yangu.
"Haya, chambua.
Safari hii wameyauza na mawe mengi."