Daftari la Fasolka

Saa tisa ya usiku huanza na mlio.
Si kubweka, si kulia:
ni ulimi unaolamba hewa, lap, lap, lap,
kama mtu anayetafuta ladha aliyoisahau.
Miguu yangu huamka kabla yangu,
hukanyaga sakafu ya baridi, hutafuta gazeti la jana,
nikalitandaza chini ya kidevu chake
kama mhudumu aliyechelewa na sahani.

Povu la njano. Kisha kimya.
Kisha ananitazama, amenywea, masikio yamelala,
kana kwamba yeye ndiye wa kuniomba radhi.

Kilo nne na robo, Fasolka, pamoja na ukosi wako.
Tumbo halizidi kiganja changu
na ndani yake ugomvi usio na msuluhishi.

Ngazi sitini na nane hadi chini.
Taa huzimika kila tukifika ghorofa ya pili.
Nambeba ndani ya koti la marehemu Gracjan,
koti ambalo bado lina tiketi ya tramu mfukoni.
Nje, Łódź imelala chini ya theluji ya kijivu,
viwanda vya nguo vimefumba madirisha,
nami, mwanamke wa miaka sabini na moja,
gauni la kulalia likichungulia chini ya koti,
namulika kinyesi kwa tochi
na kukisoma kama barua kutoka serikalini.

Daktari Wrotek ana mikono ya joto, maneno machache.
"Halitaisha," alisema. "Litakuja, litaondoka."
"Kama mgeni?"
"Kama mkwe," akajibu, akaandika dawa.

Basi kuku wa kuchemsha, bila ngozi, bila chumvi.
Wali uliopondeka hadi ukasahau kuwa ulikuwa punje.
Boga, kijiko kimoja. Kidonge, nusu,
hiyo nusu huitema nyuma ya kochi
na mimi huikuta Jumamosi nikifagia.
Kinachobaki sufuriani nakila mimi.
Mgonjwa ni yeye, anayekonda ni mimi.

Na Bwana Zenobiusz wa ghorofa ya kwanza!
Soseji mfukoni, mlango umeachwa wazi kidogo.
"Kipande kidogo tu, Bibi Ludmiła. Kidogo hakiui."
Siku tatu nilikihesabu kidogo chake
kwa matambara, kwa ndoo, kwa magoti yangu.
Nikashuka kumgombeza.
Mezani kwake palikuwa na kikombe kimoja, uma mmoja,
na soseji iliyokatwa vipande vidogo vidogo,
vyote vya ukubwa wa mdomo wa Fasolka.
Nikapanda juu na hasira yangu mkononi,
sikujua niiweke wapi.

Daftari aliliagiza daktari. Niandike choo, basi.

*Jumanne: kigumu. Amekula vizuri.*
*Jumatano: kigumu. Theluji.*
*Ijumaa: maji matupu, mara tano. Nimelia jikoni, si sana.*
*Jumapili: afadhali. Iwona amepiga simu kutoka Oslo. Hakuuliza habari za mbwa.*
*Jumatatu: kigumu! Nimemsamehe Zenobiusz. Sijamwambia.*

Miaka mitatu sasa, daftari la nne.
Sijawahi kuandika maisha yangu popote,
hata alipokufa Gracjan sikuandika mstari.
Atakayetaka kujua nilikuwa nani
itabidi apite katikati ya haya yote,
akiziba pua.

Usiku huu amelala mgongoni pangu.
Tumbo linanguruma, lakini kwa mbali,
kama tramu inayogeuza mwisho wa reli.
Nimeweka mkono juu yake. Joto. Linapanda, linashuka.
Zimepita siku kumi na moja bila povu.
Siliandiki hilo. Hata kwa sauti silisemi,
lisije likasikia.

Saa tisa na dakika ishirini.
Gazeti lipo, nimelikunja karibu na kiatu.